Bei ya Kitanda



Katika kitabu cha Sira, sura ya 27, mwenye hekima anaifananisha dhambi na kigingi kilichobanwa kati ya mawe mawili, na mawe yenyewe ni kuuza na kununua. Hakusema kwamba kuuza ni dhambi, wala kununua. Alionyesha tu mahali pa kuitafuta: pale kati, penye upenyo mwembamba ambapo watu wawili wanaafikiana juu ya bei. Katika kundi letu tumeuchungulia upenyo huo kwa muda mrefu, kwa sababu tuna karakana ndogo ya useremala kando ya ukumbi wa parokia, upande wa Kadutu, hapa Bukavu, na kwa sababu baadhi yetu huuza samani pia mahali pasipo na vumbi la mbao, yaani ndani ya simu.

Tuanze na hiyo ya simu, maana wakubwa wengi huidharau bila kuijua. Mchezo wenyewe unaitwa Albion Online. Ulitengenezwa na kampuni ya Berlin, Ujerumani, ukafunguliwa rasmi mwaka 2017, na tangu mwaka 2021 unachezwa hata kwenye simu ya mkononi. Ni ulimwengu unaokaliwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, kila mtu kutoka nchi yake, na karibu kila kifaa kinachotumika humo, kuanzia upanga na joho hadi kitanda na meza, kimetengenezwa na mchezaji fulani. Anayetaka kuwa seremala hukata miti, huyageuza magogo kuwa mbao, na mbao kuwa samani. Kisha huenda sokoni, huweka tangazo lenye bei aliyoichagua, na kungoja.

Soko hilo limetungwa kwa akili. Kila mji una soko lake na bei zake, hata kitanda kilichojaa vumbi katika mji mmoja huweza kugombewa katika mji mwingine. Bidhaa hazisafiri zenyewe: mwenyewe huzibeba, na njia ya kwenda Caerleon, mji ulio katikati, hupita maeneo mekundu ambamo mchezaji mwingine aweza kukuvizia, kukuua na kuchukua mzigo uliobeba. Ukiweka tangazo unalipa ada, liwe limeuza au halikuuza. Ukiuza, unakatwa kodi, na yule asiyelipia uanachama hukatwa mara mbili ya yule anayelipia. (Mmoja wetu aliposikia jambo hili mara ya kwanza alicheka sana, akasema waliotunga mchezo huo lazima wamewahi kupita njia zetu.)

Wataalamu wameyachunguza mambo hayo pia. Mwaka 2001 mwanauchumi Mmarekani Edward Castronova aliandika juu ya ulimwengu mwingine wa namna hiyo, ule wa mchezo wa EverQuest. Alitazama bei ambazo watu walikuwa wakilipana kwa fedha ya kweli kwa vitu vya mchezo, akapiga hesabu, akaona kwamba pato la mkaaji mmoja wa nchi hiyo isiyokuwepo lilianguka kati ya pato la Mrusi na la Mbulgaria. Kwa hiyo tusiseme upesi kwamba hayo ni ya watoto. Kazi ya mtu, hata akiifanya katika nchi ya kubuni, hutafuta bei yake.

Sasa turudi karakanani. Zamani bei zetu zilitoka kichwani mwa Baba Fundi. Mteja aliingia, Fundi akamwangalia, akaangalia mawingu, akataja namba. Tulipoona kwamba sanduku la kundi halijai wala halikauki, na kwamba hakuna anayejua kwa nini, tulimkabidhi daftari mwenzetu mmoja ambaye alikuwa hodari wa kuuza vitanda vya Albion. Wazee wa parokia walishangaa. Sisi hatukushangaa. Yeye alikuwa amekwisha kuzoea kujiuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kujiuliza: mbao hizi zimenigharimu kiasi gani mpaka kufika hapa, ada ni kiasi gani, bei ya wiki iliyopita ilikuwa ipi, na je, nikingoja siku tatu zaidi nitapata au nitapoteza?

Alichora safu katika daftari, na safu hizo zilitufungua macho. Tuseme kitanda kinauzwa dola 80. Mbao ni dola 35. Misumari, gundi, msasa na vanishi ni 12. Kubeba mbao kutoka kwa wauzaji mpaka karakana, 6. Zana zinazochakaa, umeme unapokuwepo na mafuta ya jenereta unapokatika, 7. Jumla 60. Zinabaki dola 20, na kitanda kimechukua siku nne, kikiwapitia watu watatu: Fundi na wanagenzi wawili, yaani vijana wanaojifunza kazi kwake. Kila siku, basi, ni dola 5 za kugawana watatu.

Mteja anakuja. Hapa kwetu kupatana bei ni sehemu ya salamu. Asiyeomba apunguziwe huonekana kama mgeni au kama mwenye kiburi. Mithali, sura ya 20, inamfahamu vizuri mnunuzi huyo: mbele ya muuzaji hukitia kitu ila, akiisha kuondoka nacho hujisifu. Basi mteja wetu anakitia kitanda ila, anataja kitanda alichokiona kwingine, anawataja watoto wake, na mwishowe anapunguziwa dola 15. Anaondoka na furaha, na sisi tunamsindikiza hadi barabarani.

Lakini zile dola 15 zimetoka wapi? Muuza mbao amekwisha kulipwa. Muuza misumari amekwisha kulipwa, na mwenye mkokoteni pia. Hakuna hata mmoja wao atakayerudisha kitu kwa sababu mteja wetu ana maneno matamu. Zote 15 zimetoka katika zile 20 za mikono. Kitanda kilichopungua bei kidogo kuliko robo kimewapunguzia waliokitengeneza robo tatu ya ujira wao. Jambo hili halikuonekana mpaka lilipoandikwa, na tulipoliona ukumbi ulinyamaza kwa muda.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huo huo umo ndani ya mchezo, na huko una jina la mzaha. Wachezaji wazoefu huwacheka wageni wanaosema: miti nimeikata mwenyewe, kwa hiyo mbao zangu ni za bure. Mgeni huyo huuza kitanda kwa bei iliyo chini ya bei ya mbao zake. Angeziuza mbao zenyewe, bila kupiga hata randa moja, angepata zaidi. Anadhani amepata faida kwa kuwa hakutoa sarafu mfukoni. Saa alizotumia msituni hazimo katika hesabu yake kabisa. Ni kana kwamba mikono iliyokata ile miti ilikuwa ya mtu mwingine asiyekula.

Katika simu kosa hilo halimuui mtu. Mchezaji akipata hasara hulala, kesho miti imeota tena mahali pale pale. Pengine hasara kubwa ni mega za intaneti alizonunua badala ya mkate, na hilo tumelisemea mara nyingi katika mikutano, hatulirudii hapa. Karakanani mambo ni mengine. Mwanagenzi anayefanya kazi ya «bure» ana tumbo, ana mama mgonjwa, ana nyumba ya kupanga mlimani ambako mvua kubwa ikinyesha watu hawalali kwa kuogopa udongo kuporomoka. Desturi ya karakana nyingi ni kumwambia kwamba anajifunza, na anayejifunza hatakiwi kudai. Kuna ukweli fulani ndani ya desturi hiyo. Mwezi wa kwanza mwanagenzi huharibu mbao kuliko anazozitengeneza. Lakini mwezi wa kumi na nne, anapochonga miguu yote minne bila Fundi kuigusa, yule bado anajifunza nini, isipokuwa uvumilivu?

Mtume Yakobo, sura ya 5, anasema kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo humfikia Bwana. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891, alitoa fundisho ambalo kundi letu limelisoma mara kadhaa kwa sauti. Ni kweli, alifundisha, kwamba tajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana mshahara kwa hiari. Hata hivyo kuna haki ya asili iliyo ya kale na ya juu kuliko makubaliano ya watu wawili, nayo hudai kwamba ujira umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kuishi. Akikubali kilicho pungufu kwa sababu ya shida au hofu, kukubali kwake si kukubali, ameonewa. Fundisho hilo linavunja jibu tulilolizoea sana mjini: «lakini mwenyewe alikubali.»

Hapo ndipo mwenzetu wa daftari alipotoa pendekezo lililotugawa. Alisema: tuwalipe wanagenzi, ni sawa, lakini ili tulipe tunapaswa kuuza vingi, na ili tuuze vingi tufanye kama sokoni Albion. Huko, ukikuta kitanda kimetangazwa kwa sarafu 10,000, wewe unaandika 9,999. Mnunuzi huchukua cha bei ndogo kwanza. Dakika chache baadaye mwingine anaandika 9,998. Ndivyo bei inavyoteremka, ngazi kwa ngazi, mpaka anayechoka aondoke. Kwetu, alisema, tuulize bei ya karakana iliyo chini ya barabara, tushuke dola moja. Dola moja tu.

Hakuna aliyemwona mwovu, na hakuwa mwovu. Kushindana si dhambi. Anayefanya kazi vizuri kwa gharama ndogo hana sababu ya kuficha bei yake, na mnunuzi maskini hufaidika. Baba Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama katika mchezo ule yule wa sarafu 10,000 ana uso. Kijana akajibu kwamba ana jina tu, na mara nyingi si jina lake. Fundi akasema: «Wa chini ya barabara ana uso, mwanangu. Ni wa shirika letu. Jumapili tunapeana amani. Tukimshusha dola moja, kesho naye atatushusha, na siku nne tukishushana wote wawili tutakuwa tunakula jasho la hawa watoto.» Akawaonyesha wanagenzi.

Tuongeze jambo ambalo Fundi hakulisema, kwa kuwa hachezi. Ndani ya simu, ushindani wa sarafu moja moja una kikomo chenye huruma: hakuna anayelazimika kuuza leo. Kitanda cha Albion hakiozi, na mwenye nacho hana njaa. Seremala wa Kadutu mwenye watoto waliofukuzwa shuleni kwa ajili ya karo hawezi kungoja siku tatu ili soko lipone. Anauza leo, kwa bei ya leo. Kwa hiyo bei inayoitwa «ya soko» mara nyingi ni bei ya yule mwenye shida kubwa kuliko wote siku hiyo, na sisi wengine tunaifuata kana kwamba imeshuka mlimani pamoja na zile Amri Kumi.

Vilevile kuna msitu. Katika mchezo, mti uliokatwa huota tena baada ya muda mfupi, na hakuna mtu anayehesabu. Sisi tunatazama magharibi na kuona milima ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, iliyoingizwa mwaka 1980 katika orodha ya urithi wa dunia na mwaka 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mbao na makala za mji huu hazidondoki kutoka mbinguni. Mkaratusi uliopandwa na mkulima shambani mwake, akaungoja miaka, una bei. Mti mgumu ulioibwa usiku mara nyingine hutufikia kwa bei ndogo kuliko huo, kwa sababu aliyeuiba hakuungoja. Tulikubaliana kununua kwa mkulima tunayemjua, hata akiwa ghali. Hatukukubaliana kwa urahisi, na kila mara sanduku linapokauka mjadala huo hufufuka.

Mambo hayo yote yalikuwa maneno ya mikutano, hadi Februari 2025. Mnajua nyote. Goma ilikuwa imekwisha kuanguka mwishoni mwa Januari. Katikati ya Februari wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Benki zikafungwa. Pesa taslimu zikawa adimu, na ile dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha, ambayo siku zote hukataliwa hapa kwetu, ikaanza kutazamwa kwa upole zaidi. Wengi walikuwa wanaondoka au wanajiandaa kuondoka, na anayeondoka habebi kabati. Samani zilitolewa nje ya nyumba. Makochi, meza, vitanda vya harusi, vyote viliuzwa kwa bei ambayo mwezi mmoja kabla ingekuwa tusi.

Mama mmoja wa shirika letu alikuja karakanani. Alikuwa na kabati ambalo Baba Fundi mwenyewe alilitengeneza mwaka uliotangulia, la milango miwili, na alihitaji nauli ya watoto. Hakutaja bei. Alisema tu: «Nipeni mnachoweza.»

Mwenzetu wa daftari alijua bei ya mji siku ile: chini ya theluthi ya ile aliyolilipia. Alikuwa sahihi. Mwingine akaongeza kwamba tukilinunua kwa bei hiyo na kulihifadhi, amani ikirudi tutaliuza mara tatu, na faida hiyo italipa wanagenzi kwa miezi miwili. Naye alikuwa sahihi, kwa hesabu. Na tena, hatukuwa sisi tulioanzisha vita.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa yake, alitoa nafasi nzima kwa udanganyifu wa kununua na kuuza, na humo kuna tofauti moja iliyotusaidia siku ile kuliko hotuba nyingi. Anasema kwamba ikiwa muuzaji ataumia kwa kukitoa kitu chake, kwa mfano kwa sababu anakihitaji sana, aweza kwa haki kudai zaidi, maana anauza pamoja nacho hasara yake. Lakini ikiwa mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa, na muuzaji hapotezi chochote cha pekee, basi muuzaji asipandishe bei kwa ajili ya haja hiyo. Kwa maana haja ile si yake, na hakuna awezaye kuuza kisicho chake. Padri wetu alitusomea sehemu hiyo akatuachia kazi ya kuigeuza upande wa pili. Tukaigeuza. Shida ya yule mama haikuwa mali yetu. Tukinunua kabati kwa theluthi, tutakuwa tumelipia kabati theluthi, na theluthi mbili tutakuwa tumezitoa katika vita.

Thomas anaeleza pia habari ya mfanyabiashara anayeleta ngano mahali penye njaa, akijua kwamba wengine wako njiani na ngano zaidi. Je, lazima aseme? Anajibu kwamba haki haimlazimishi kusema, ingawa akisema ni wema mkubwa zaidi. Wengine wetu walishikilia mfano huo: hata mtakatifu, walisema, anamruhusu mtu kuuza kwa bei ya siku. Ni kweli, na hatukuwa na jibu kamili. Tofauti tuliyoiona ni kwamba wale wa ngano hawakufahamiana. Sisi tulikuwa tunafahamu jina la kila mtoto aliyehitaji nauli.

Basi Baba Fundi alifungua daftari, akatafuta ukurasa wa lile kabati, akasoma kwa sauti: mbao kiasi hiki, bawaba nne, kufuli moja, gundi, vanishi, siku sita. Yule mama alisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani. Sanduku la kundi halikuwa na pesa ya kutosha kulipa bei hiyo, na hatukutaka kujifanya tunayo. Tulichofanya ni hiki: tulimpa nauli, tukaliweka kabati kama rahani bila riba, tukaandika katika daftari kwamba ni lake. Akirudi atalipa kile alichopewa, pole pole, na kulichukua. Asiporudi kwa miaka miwili, tutaliuza kwa bei ya ukurasa ule, na kinachozidi tutampelekea alipo.

Sanduku likabaki tupu. Wiki tatu wanagenzi hawakulipwa, na hao hawakuwa wameulizwa kama wanataka kuwa wakarimu. Hili lisemwe waziwazi, maana ni rahisi kusimulia wema wetu na kusahau waliougharimia. Mmoja wao alitukumbusha kwamba mtu akimwonea huruma Petro kwa mfuko wa Paulo, Paulo naye ana haki ya kuulizwa. Tangu hapo malimbikizo yao yameandikwa mwanzoni mwa kila ukurasa, juu ya mbao, na yameanza kulipwa.

Inatubidi tueleze kidogo kuhusu mahali hapo, juu ya mbao. Mwenzetu wa daftari ndiye aliyegundua. Safu zake za kwanza zilianza na vifaa na kumalizia na mikono, kwa hiyo mikono ilipata kilichobaki. Aliigeuza: siku za kazi kwanza, zikipewa ujira unaomtosha mtu kula na kupanga chumba, kisha mbao, kisha vingine. Hakuna kilichobadilika katika kitanda. Lakini sasa mteja akiomba kupunguziwa, yeye humwonyesha ukurasa na kumwuliza kwa adabu: «Mama, tupunguze mstari gani?» Wengine hukasirika na kwenda chini ya barabara, ambako mwenzetu wa pale naye ameomba kuonyeshwa namna ya kuchora safu hizo. Wengine hutazama, hucheka, hulipa. Wengine huchagua mbao nyembamba zaidi, na hilo ni haki yao. Waliokuwa maskini kweli tumewauzia kwa mafungu, kwa bei ile ile.

Kuna jambo moja la mchezo tumeliweka mpaka sasa, kwa sababu ndilo lililotufikisha kwenye kazi tunayoifanya wiki hii. Pengine mlijiuliza nani ndani ya Albion hununua vitanda na meza, hali watu wa humo hawalali. Wengine hununua kwa mapambo. Lakini wanunuzi wa maana ni wale wenye vibarua. Mchezaji aweza kujenga nyumba kwenye kisiwa chake na kuweka humo vibarua, watu wa kubuni wasio na mchezaji nyuma yao, wanaotumwa kazi na kurudi na mali. Vibarua hao wana kipimo cha furaha. Furaha hiyo hutegemea nyumba, na kitanda, na meza. Kibarua asiye na kitanda kizuri hurudi na mali kidogo. Kwa hiyo tajiri wa Albion, hata akiwa mchoyo, hukimbilia sokoni kumnunulia kibarua wake kitanda.

Mwenzetu alipotueleza hayo karakanani, mmoja wa wanagenzi aliinua kichwa kutoka kwenye msasa. Tangu aanze kazi kwetu alikuwa amelainisha mbao za vitanda zaidi ya thelathini. Akauliza kama hao vibarua wa ndani ya simu wanalala kitandani kweli. Akaambiwa ndiyo. Akasema yeye analala kwenye mkeka, na mwenzake pia. Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaendelea kusugua.

Sira, sura ya 38, anawasifu mafundi wanaokesha ili kazi yao ikamilike. Anasema bila wao mji haukaliki, na kwamba sala yao imo ndani ya ufundi wao. Mtakatifu Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, aliandika kwamba Yezu mwenyewe, kabla ya kuhubiri, alitengeneza majembe ya kukokotwa na nira. Hatujui aliviuza kwa bei gani, wala kama watu wa Nazareti walimtia ila ili wapunguziwe. Inawezekana sana.

Lile kabati lingali karakanani, nyuma ya mlango, limefunikwa kwa gunia. Wateja huliuliza bei karibu kila wiki, na mwenye daftari huwajibu kwamba lina mwenyewe. Vitanda viwili vya wanagenzi tulianza kuvipiga randa Jumatatu. Gharama yake haikuandikwa kwenye safu ya sadaka. Iliandikwa chini ya zana, pamoja na misumeno na randa, baada ya mabishano ya jioni nzima, na wawili kati yetu bado hawajaridhika na mahali hapo. Kimoja kimekamilika. Cha pili kinasubiri chaga.